"Water" si nomino kila mara
Juma lililopita mwanafunzi wangu wa Kisauni alinionyesha daftari lake. Kwenye sentensi "My mother waters the flowers" alikuwa ameikata ile "s" kwa wino mwekundu. "Mwalimu, maji hayana wingi," akaniambia, na alikuwa na uhakika. Lakini katika sentensi ile hamna nomino ya maji. Mna mama anayemwagilia maua, na "s" ni ya kitenzi.

Nimechoka kuisikia dhana hii kuliko nyingine zote: eti kila neno la Kiingereza lina aina yake moja, ukishaikariri umemaliza. Sivyo. Aina huamuliwa na kazi ya neno ndani ya sentensi. "I read a book", hiyo ni nomino. Nenda stesheni ya Miritini useme "I want to book a seat", tayari ni kitenzi, na hakuna herufi iliyobadilika. "Round" ndilo hatari zaidi: kivumishi katika "a round table", kihusishi katika "round the corner", nomino katika "the second round".

Kinachoniuma ni kwamba jambo lenyewe twalijua tangu utotoni. Katika "haraka haraka haina baraka", haraka ni nomino. Katika "njoo haraka", ni kielezi. Nani alikaririshwa hilo?

Basi acheni orodha, tazameni majirani wa neno. Likitanguliwa na "the" au "my", nomino haiko mbali. Ukiona "will" au "can", tafuta kitenzi. Na sikilizeni pia: "record" ikiwa nomino hukazwa mwanzo, ikiwa kitenzi hukazwa mwisho. Sisi tuliozoea mkazo kukaa silabi ya pili kutoka mwisho, tofauti hiyo hutupita.

Eti kitenzi lazima kiwe tendo? "Know" na "own" hazina tendo lolote, ilhali "arrival" ni tendo na ni nomino.

Eti kila "-ly" ni kielezi? "Friendly" na "lovely" ni vivumishi. Nayo "fast" ni kielezi bila hiyo "-ly". Mwenye bidii "works hard". "Hardly works" ni mtu ambaye kazi karibu haifanyi kabisa. Nimewahi kusahihisha barua ya kuomba kazi iliyoandikwa "I hardly work", na kijana wa watu alikuwa anajisifu.