Mzee aliyepigana vita bado yupo, mrekodini sasa

Kila mwaka siku ya kumbukumbu ya vita mzee anavalishwa medali zake, anapigwa picha na wajukuu, watu wanampa mkono, kesho yake anarudi kwenye kiti chake na hakuna anayemuuliza kitu. Sisi tunaotunza nyaraka heshima ya siku moja haitutoshi, manake familia nyingi zinakuja kwetu mzee akishazikwa, wana picha mkononi na hawajui hata aliyesimama pembeni yake ni nani.

Wengi wanasema mzee wetu haongei. Sawa, lakini kutoongea leo sio kutoongea milele. Harry Patch wa Uingereza alipigana kwenye mahandaki vita ya kwanza ya dunia, akakaa kimya mpaka 1998 akiwa na miaka 100 ndo akaanza kusimulia, akafariki 2009. Ila nyie msisubiri miaka mia jamani.

Mara nyingi tatizo ni swali lenyewe. Ukimuuliza "vita ilikuwaje" atakujibu "vita ni vita tu", yameisha, na lile la "uliua wangapi" lisikutoke kabisa mdomoni. Anza na vitu vidogo, buti zilikuwa zinambana? walilala wapi usiku, nani alikuwa anawachekesha wenzake, barua ya nyumbani ilichukua muda gani kufika. Mpe picha ya zamani aishike mwenyewe. Kumbukumbu za umri kati ya miaka 10 na 30 ndo huwa zinabaki na nguvu uzeeni, kwahiyo hata anayesahau asubuhi alikula nini anaweza kukutajia kikosi chake, namba yake ya jeshi na jina la utani la sajenti wake. Akinyamaza na wewe nyamaza, usimtafutie neno. Akianza kutetemeka au kutoka jasho zima simu unayomrekodia muongee mengine, na ndoto mbaya zikirudi usiku hiyo ni kazi ya daktari, sio ya mjukuu.

Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Zima TV na feni, iweke karibu na mdomo wake, taja tarehe na majina yenu mwanzoni. Mradi wa historia ya maveterani wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ulioanzishwa 2000, unataka mahojiano yasipungue dakika 30, lakini kwa mzee anayechoka haraka mimi ningechukua vipande vifupi siku tofauti tofauti. Alafu nakala moja ikae nyumba nyingine.

Na makaratasi msidhani serikali inayo yote. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi liliungua St. Louis, Marekani, yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na 18, na hayakuwa na nakala. Baada ya hapo karatasi iliyokuwa imelala kwenye sanduku la familia ikawa ndo ushahidi wa kudaia haki za askari. Cheti cha kuachishwa jeshi kipigeni picha leo leo. Msilaminishe, msibandike selotepu, nyuma ya picha andikeni majina kwa penseli laini sio peni, na medali acheni kuzisugua ziwake kwasababu kila mkisugua maandishi yanalika.

Alafu jamani sio walioshika bunduki peke yao. Veterani wa mwisho kabisa kujulikana wa vita ya kwanza ya dunia alikuwa mwanamke, Florence Green, aliyehudumu kwenye mesi ya maofisa wa jeshi la anga la Uingereza, akafariki 2012. Mpishi, dereva, nesi, na bibi aliyebaki nyumbani na watoto, wote waulizeni.

Kabla hujaposti chochote muulize mwenyewe. Akisema hiki kisitoke mpaka nife, andika hivyo hivyo juu ya bahasha unayoweka nakala ya rekodi, na jina la atakayeitunza.