Gashora: kumhifadhi mtu aliye njiani

Wapo wanaoniuliza kwa nini mtu aliyetoka Eritrea, akakatisha Sudan na jangwa mpaka Libya akiitafuta Ulaya, apandishwe ndege na kurudishwa kusini hadi Rwanda. Swali ni la haki, na jibu lake linaanzia Tripoli. Libya haijaridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kwa sheria zake, anayeingia bila kibali ni mkosaji hata kama amekimbia vita, na wengi wanaokamatwa barabarani au kurudishwa kutoka baharini huishia kwenye vituo vya kuzuilia watu. Usiku wa Julai 2, 2019 kituo kimoja cha namna hiyo, huko Tajoura nje kidogo ya Tripoli, kilishambuliwa kwa mabomu kutoka angani. Watu wasiopungua 53 waliokuwa wamezuiliwa humo walikufa. Septemba 10 mwaka huohuo Rwanda, Umoja wa Afrika na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walitia saini makubaliano ya kuwaondoa watu Libya na kuwahifadhi kwa muda katika kituo cha mpito nchini Rwanda, na kabla mwezi haujaisha ndege ya kwanza ikatua Kigali na watu 66.

Kituo chenyewe kiko Gashora, wilayani Bugesera, kama kilomita 60 kusini mwa Kigali. Kilianza na nafasi 500, baadaye zikafika 700. Waliopita hapo wengi wametoka Eritrea, Sudan, Somalia, Ethiopia na Sudan Kusini.

Nimefanya kazi ya ulinzi wa wakimbizi kwenye vituo vya mpito kwa miaka mingi, na kila ninapoeleza kazi hii naona watu wanawaza mahema, magodoro na chakula. Hivyo vyote vinahitajika. Lakini kitu cha kwanza ambacho nchi ya njiani humpa mkimbizi ni kutambuliwa kisheria. Anayefika Gashora anasajiliwa kama mwomba hifadhi. Anaweza kutoka nje ya lango, kwenda sokoni, kupita mbele ya askari bila kukimbia. Kwa mtu aliyeuzwa kutoka mkono hadi mkono na wasafirishaji haramu, hilo linamrudishia usingizi kabla ya dawa yoyote. Pale ambapo nchi inatoa kitanda lakini haitoi karatasi, mimi sihesabu kwamba imetoa hifadhi.

Makubaliano yanampa mkimbizi njia nne: kuhamia nchi ya tatu, yaani nchi nyingine inayokubali kumpokea, kurudi katika nchi iliyowahi kumpa hifadhi, kurudi kwao kwa hiari kama ni salama, au kubaki Rwanda kwa idhini ya serikali. Karibu wote huchagua ya kwanza. Wamekwenda Kanada, Sweden, Norwei, Finland, Ufaransa, Uholanzi, Marekani na kwingineko.

Tafadhali usichanganye mpango huu na ule wa Uingereza wa 2022. Ule ulikusudia kuwatoa Uingereza watu waliokuwa wameshafika na kuomba hifadhi huko, wapelekwe Rwanda watake wasitake. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliukataa Novemba 2023, ikisema kulikuwa na hatari ya waombaji kurudishwa walikokimbia, na serikali mpya ikaufuta Julai 2024. Gashora mtu huja kwa ridhaa yake, akitoka mahali pabaya zaidi. Ninaamini tofauti hiyo ni kubwa, na inaniuma ikipuuzwa.

Ugumu wa kituo cha mpito ni muda. Romania ilifungua kituo kama hiki Timișoara mwaka 2008, kikiwa na nafasi 200, na kila anayeingia alipangiwa kukaa miezi sita tu. Mpango huo unawezekana iwapo nchi za kupokea zimeshasema ndiyo. Zisiposema, hakuna meneja wa kituo anayeweza kuharakisha chochote. Machi 2020, kwa sababu ya korona, safari za kuwahamisha wakimbizi zilisimamishwa dunia nzima. Januari 2025 Marekani ikasitisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wameshapangiwa safari wakabaki na mabegi yao. Kwa mwaka wa kawaida, wakimbizi wanaopata nchi ya tatu hawafiki asilimia moja ya wakimbizi wote duniani.

Kwa hiyo nashauri kituo kijengwe kwa kuzingatia mtu atakayekaa mwaka au zaidi, hata kama karatasi zinasema miezi michache. Mlango wa chumba ufungwe kwa ndani, na ufunguo awe nao anayelala humo. Waliotoka kizuizini hulisikia komeo la nje kwa mwili mzima. Watu wapikie wenyewe. Chakula cha foleni, hata kikiwa kizuri, kinawakumbusha walikotoka, na mama anayechagua chumvi yake amerudishiwa kitu. Mahojiano yapunguzwe: mtu asisimulie mateso yake kwa mwanasheria, kisha daktari, kisha ofisa wa ubalozi, kama vile kila mmoja ndiye wa kwanza. Na kesi ikikwama, aambiwe imekwama wapi. Nimeona ghasia zikizuka kwa sababu ya ukimya wa ofisi kuliko kwa sababu ya jibu la hapana.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vituo vingi vya mpito humnyima mgeni jembe muda wote anaokaa, kwa hofu kwamba akipata kazi hataondoka. Hofu hiyo sijaona ushahidi wake. Ninachokiona ni vijana wanaolala mchana kutwa na kukesha na simu, wakipigiwa na wasafirishaji walewale waliowafikisha Libya.

Wanaonishughulisha zaidi ni watoto waliokuja peke yao. Aliyeingia na miaka 16 anahesabiwa mtoto, ana mlezi, ana darasa, na baadhi ya nchi zina nafasi maalumu kwa ajili yake. Kesi ikichelewa akatimiza 18, nafasi ile inapotea na faili lake linapangwa upya pamoja na watu wazima. Nchi za kupokea zinaweza kulimaliza hili kwa uamuzi mmoja wa kiutawala: umri uhesabiwe kuanzia siku kesi ilipowasilishwa kwao, wala si siku ya safari.