Kunakili CD kwa EAC: utajuaje nakala ni safi?

Programu nyingi za kucheza muziki zinanakili CD, ila zikikuta mkwaruzo zinakisia na kusonga mbele kimyakimya. Ndiyo maana kwenye Windows natumia Exact Audio Copy, EAC, ambayo ni ya bure. Ikiwa kwenye usomaji salama, inasoma kila kipande angalau mara mbili. Majibu yakitofautiana inarudia mara 16, na inakubali jibu likijirudia walau mara 8. Isipopata, inaendelea kurudia: kipande kibaya sana kinaweza kusomwa hadi mara 82, kwa hiyo wimbo mmoja ukikwama muda mrefu, usishangae.

Osha CD kwanza. Kiangazi cha Lubumbashi, vumbi jekundu linaingia hata ndani ya kasha lililofungwa, na ukifuta CD kavu litaichora. Suuza kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, halafu futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe: mkwaruzo unaokatiza njia ya data, lekta (kifaa kinachosoma CD) huurekebisha; unaoifuata njia huharibu data nyingi mfululizo.

Lekta nyembamba ya USB ikianza kuzunguka, ikasimama, ikaanza tena, usilaumu CD haraka. Mara nyingi tundu la USB halitoi umeme wa kutosha. Jaribu kebo yenye vichwa viwili.

Halafu ofseti. Kila modeli ya lekta huanza kusoma mapema au kuchelewa kidogo. Tofauti hiyo ndiyo ofseti, na huhesabiwa kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti: +6 na +667 ni za kawaida. Sampuli 667 kati ya 44,100 za sekunde moja ni kama milisekunde 15, sikio halisikii, lakini bila kusahihisha huwezi kulinganisha nakala yako na za wengine kwenye AccurateRip, hifadhidata ya mtandaoni ya matokeo ya walionakili CD hiyo hiyo. Weka CD ya kiwandani iliyouzwa sana, EAC itaipata ofseti yenyewe.

Hifadhi kwa FLAC, muundo wa faili unaobana sauti bila kupoteza kitu, na vigezo -8 -V. Hiyo -8 haiongezi uzuri wa sauti kuliko -5, inabana faili kidogo tu. -V inaifanya FLAC ijihakiki. CD ya saa moja ni karibu MB 635, na FLAC huipunguza hadi kama 400 au chini.

Shida yetu ni kwamba AccurateRip inajua tu CD ambazo wengine wamekwisha kuzinakili. Mkusanyiko wa rumba uliochomwa kibandani hautaukuta humo. Hapo shahidi wako ni CRC, namba inayokokotolewa kutoka kwenye data ya wimbo: bonyeza F4 kutafuta nafasi kati ya nyimbo, kisha Shift+F6. Kila wimbo unasomwa mara mbili kamili, na ripoti inaonyesha CRC mbili. Zikitofautiana hata herufi moja, osha tena au badili lekta.

Ila CRC haijui CD ilitoka wapi. Fungua wimbo kwenye Spek, programu inayochora masafa ya sauti: sauti ikikatika kama kwa rula kwenye 16 kHz, mara nyingi chanzo kilikuwa MP3 ya 128 kbps, na umenakili ubovu kwa uaminifu mkubwa.

Majina ndiyo yanayovuruga maktaba kuliko mikwaruzo. OK Jazz, TP OK Jazz na T.P.O.K. Jazz zitakuwa folda tatu. Mwenda Jean Bosco na Mwenda wa Bayeke wataonekana watu wawili. Chagua jina moja kwenye sehemu ya msanii wa albamu kabla ya kubonyeza chochote, na mpangilio wa faili uwe %albumartist%\%albumtitle%\%tracknr2% %title%.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, futa faili la mwisho na uanze wimbo huo upya. Linaweza kucheza vizuri mwanzoni, likaishia njiani.