Je, wajua kwa nini Obama alipitisha sheria chache kwa miaka sita, kisha nyingi kwa mwaka mmoja?

Kabla hajafika Washington, Barack Obama alikuwa mjumbe wa Seneti ya jimbo la Illinois kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004. Seneti hiyo si ile ya Marekani nzima. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na la Illinois hukutana Springfield, takriban kilomita 300 kusini magharibi mwa Chicago, likiwa na maseneta 59 na wawakilishi 118. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, hata nchini Kenya alikozaliwa baba yake, walianza kumfuatilia mwaka 2004, na ndiyo maana miaka hiyo ya Springfield huguswa kwa sentensi moja au mbili tu.

Anayeichunguza kwa karibu hukutana na jambo la ajabu. Katika miaka sita ya mwanzo, miswada mikubwa ya Obama iliyokuwa sheria ni ya kuhesabika. Mwaka wa saba, yaani 2003, ikapita mfululizo: sheria ya kuwalazimisha polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji, sheria ya kuandika rangi ya kila dereva anayesimamishwa barabarani, na nyinginezo za afya na nafuu ya kodi kwa wenye kipato cha chini. Kulikoni?

Majibu mawili husikika sana, na yote mawili yanamtazama mtu badala ya kulitazama bunge. Wapinzani wake husema alikuwa mvivu, akaamka alipoanza kuuwania useneta wa Washington. Mashabiki wake husema alikuwa bado anajifunza, kisha akakomaa. Yote mawili yanadhani kwamba hesabu ya sheria alizopitisha mbunge ni kipimo cha bidii au kipaji chake. Dhana hiyo inastahili kukosolewa kwa kirefu, kwa sababu tunaitumia kila mahali kuwapima wabunge, na kwa Illinois ya miaka ile inapotosha kabisa. Mswada wa kuandika rangi ya madereva, kwa mfano, haukuzuka mwaka 2003. Obama alikuwa ameupigania miaka ya nyuma, na ulikuwa umekwama. Mtu alikuwa yule yule na hoja ni zile zile. Kilichobadilika ni upande uliokuwa na wingi wa viti.

Katika Seneti ya Illinois ya miaka ile, kila mswada ulipelekwa kwanza kwenye Kamati ya Kanuni, ambayo ilitawaliwa na Rais wa Seneti, yaani spika wake, anayetoka chama chenye viti vingi. Ifikirie kamati hiyo kama mizani ya malori kwenye barabara kuu. Lori haliwezi kuendelea na safari bila kupimwa na kupewa karatasi ya kuruhusiwa. Ofisa hana haja ya kusema kwamba shehena ni mbovu, wala hahitaji kulifukuza lori. Anachofanya ni kuliacha uwanjani. Dereva atabembeleza, atapiga simu, atalala ndani ya lori, na ndizi zitaiva, zitalegea, na mwishowe zitaoza. Mswada nao unaoza, maana kipindi cha bunge kikiisha bila kupigiwa kura, umekufa. Hakuna aliyeupinga hadharani, na hakuna kumbukumbu ya kura ambayo mwananchi angeweza kumuuliza mbunge wake.

Tangu 1993 hadi mwanzoni mwa 2003, wenye mizani hiyo walikuwa Warepublikani, chini ya Pate Philip wa kitongoji cha magharibi mwa Chicago. Obama alikuwa Mdemokrati. Miswada yake iliyopita katika kipindi hicho ni ile ambayo upande wa pili nao uliitaka, kama sheria ya maadili ya mwaka 1998 iliyobana zawadi kwa wanasiasa na kuwakataza kutumia fedha za kampeni kwa mambo binafsi. Aliifanyia kazi pamoja na Warepublikani, akiwemo Kirk Dillard, na inatosha kuonyesha kwamba uvivu haukuwa ugonjwa wake.

Sasa, Wademokrati waliupataje wingi? Hapa ndipo habari inapovutia zaidi. Baada ya kila sensa, mipaka ya maeneo ya uchaguzi huchorwa upya, na anayeichora huweza kuamua mshindi kabla ya kura kupigwa. Chukua wapiga kura 500 katika maeneo matano ya watu mia mia, chama kimoja kikiwa na watu 260 na kingine 240. Mchoraji akiwarundika 90 wa chama kikubwa katika eneo la kwanza na 85 katika la pili, watabaki 85 tu wa kutawanywa katika maeneo matatu, na chama kidogo kitayatwaa yote matatu kwa urahisi. Hakuna kura iliyoibwa.

Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 inasema kwamba bunge likishindwa kukubaliana kuhusu ramani, iundwe tume ya watu wanane, na kila chama kisizidishe wanne. Tume nayo ikikwama, Mahakama ya Juu ya jimbo hutoa majina mawili ya watu wasio wa chama kimoja, na Katibu wa Jimbo huokota jina moja hadharani kwa bahati nasibu. Aliyeokotwa huwa mjumbe wa tisa, na chama chake huchora ramani. Waandishi wa katiba waliamini kwamba hakuna chama ambacho kingethubutu kuiweka miaka kumi rehani kwa bahati nasibu, hivyo pande mbili zingelazimika kuelewana. Matumaini hayo yaliwaponyoka. Mwaka 1981 jina liliokotwa, Wademokrati wakapata. Mwaka 1991 liliokotwa tena, safari hii likiwa la Warepublikani, na ramani yao ndiyo iliyompa Pate Philip wingi aliokuwa nao muda wote Obama akisubiri.

Septemba 2001, Katibu wa Jimbo Jesse White aliingiza mkono katika kofia ndefu nyeusi, mfano wa ile ya Rais Abraham Lincoln, aliyewahi kuishi Springfield, akatoa jina la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago na Mdemokrati. Kwa karatasi hiyo moja, kalamu ya mipaka ikahamia upande wa Obama. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaketi miezi kadhaa kabla, katika chumba chenye ulinzi mkali ndani ya jengo la Stratton, pembeni mwa bunge, akipanga kwenye kompyuta sura mpya ya eneo lake. Eneo lililokuwa upande wa kusini mwa Chicago likanyooshwa kuelekea kaskazini kandokando ya Ziwa Michigan, hadi mitaa ya matajiri ambao baadaye wangemfaa alipohitaji wachangiaji wa kampeni. Uchaguzi wa Novemba 2002 uliwapa Wademokrati viti 32 kati ya 59, na Emil Jones, aliyekuwa mlezi wa kisiasa wa Obama, akawa Rais wa Seneti.

Kofia peke yake haielezi kila kitu. Mwaka ule chama cha Republican kilielemewa na kashfa za serikali ya Gavana George Ryan, na kingeweza kupoteza viti hata kwa ramani nyingine. Jones pia aliamua kwa makusudi kumkabidhi Obama miswada mizito. Halafu kuna kazi ambayo hakuna kofia ingeifanya. Kufikia Januari 2000, Illinois ilikuwa imegundua kwamba wafungwa 13 waliohukumiwa kifo hawakuwa na hatia, ilhali 12 walikuwa wameuawa kwa sindano tangu adhabu hiyo irejeshwe mwaka 1977. Hata hivyo, polisi na waendesha mashtaka waliupinga mswada wa kurekodi mahojiano. Obama aliketi nao, akakubali kubadili vifungu, akashikilia kiini cha mswada, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge.

Kifungu cha bahati nasibu kingali ndani ya katiba. Mwaka 2011 na 2021 hakikuhitajika, kwa kuwa Wademokrati walikuwa wameshika mabaraza yote mawili pamoja na kiti cha gavana, wakachora ramani bila kumuuliza mtu. Wananchi waliotaka kazi hiyo ikabidhiwe tume huru walikusanya saini ili suala lipigiwe kura, lakini mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Illinois ikalizuia kwa majaji wanne dhidi ya watatu.