Picha ya bwana asiye na jina: yanayosemwa na ukweli wake

Yanasemwa: bwana Mwafrika wa koti jekundu katika picha iliyoko mjini Exeter ni Olaudah Equiano, mtumwa wa zamani aliyeandika kitabu cha maisha yake.

Siye. Picha hii ya rangi za mafuta, iliyo katika makumbusho ya Royal Albert Memorial nchini Uingereza, imewekwa kwenye majalada ya vitabu vya Equiano hadi uso huo umegeuka kuwa wake. Lakini miaka inakataa. Mavazi yanaonyesha mwishoni mwa miaka ya 1750. Equiano aliandika mwenyewe kwamba alizaliwa 1745, kwa hiyo mwaka 1758 alikuwa mtoto wa miaka 13, tena mtumwa melini. Huyu aliyekaa mbele ya mchoraji ni mtu mzima. Sura ya Equiano isiyo na ubishi ni ile iliyochapwa mwanzoni mwa kitabu chake cha 1789.

Wengine humtaja Ignatius Sancho, mwandishi Mwafrika wa London wa enzi hiyo, kwa kuwa umri wake unalingana zaidi. Sancho tunamjua kwa picha aliyochorwa na Thomas Gainsborough mjini Bath mwaka 1768, ambayo sasa iko Ottawa, Kanada. Kufanana kwa nyuso peke yake hakutoshi kumpa mtu jina. Kumwita bwana huyu wa Exeter "Mwafrika" tu kunauma, ila kumvika jina la mwenzake ni kumpoteza mara ya pili.

Yanasemwa: jina likiandikwa kwenye turubai, yaani kitambaa cha picha, mambo yamekwisha.

Majina mengi yaliongezwa na warithi, vizazi viwili au vitatu baadaye, kwa kukisia. Chukua lenzi uangalie nyufa. Rangi ya herufi ikiwa imetiririka ndani ya ufa, basi ufa ulitangulia na herufi zikafuata. Kisha mulika kwa taa ya urujuanimno (UV) gizani: vanishi kuukuu ya utomvu hung'aa kijani, na chochote kilichopakwa juu yake baadaye huonekana cheusi.

Yanasemwa: katika picha za enzi hizo mkono umefichwa ndani ya kizibao kwa sababu vidole vililipiwa zaidi.

Huo ulikuwa mkao wa kiungwana. François Nivelon aliufundisha katika kitabu chake cha adabu cha 1737. London bei ya picha ilifuata ukubwa wa turubai, si vidole: inchi 30 kwa 25 kwa kichwa na kifua, 50 kwa 40 kwa mtu hadi magotini.

Yanasemwa: picha ikiwa ya kahawia, isugue kwa kipande cha kiazi.

Tafadhali usifanye hivyo. Ukahawia huo mara nyingi ni vanishi iliyozeeka pamoja na moshi. Maji ya kiazi hupenya kwenye nyufa, kitambaa kinasinyaa, rangi inainuka na kubanduka vipande vipande, na wanga unaobaki huvutia ukungu. Mafundi huanza na pamba iliyozungushiwa kijiti na kuloweshwa mate, ambayo yana vimeng'enya vya kulainisha uchafu. Huivingirisha taratibu bila kusugua, pembeni kabisa, mahali padogo kama ukucha. Pamba ikitoka na wekundu wa koti, kazi inasimama papo hapo.