Petroli na upepo havisafishi kila kitu: njia ya hewa ya gari la zamani

Peleka gari lililochoka kwenye gereji yoyote ya chini ya mwembe, useme sailensi, yaani mzunguko wa enjini gari likiwa limesimama, haitulii, mshale unapanda na kushuka, ukifika kwenye foleni linataka kuzima. Utajibiwa hata hujamaliza: "Uchafu tu huo, bosi. Tunaosha kwa petroli, tunapuliza upepo, unaondoka." Mara nyingi uchafu upo kweli. Ila njia ya hewa si bomba tupu. Mna karatasi humo, mna waya mwembamba kuliko unywele, mna chuma, plastiki na mpira, na kila kimoja kina namna yake ya kushikwa. Carina Ti yangu ya enjini ya 5A imenifundisha sehemu ya haya, na ada nimelipa. Nayachukua hapa maneno ya gereji, moja moja.

"Filta ya hewa ikichafuka, gari linakula mafuta"

Kwa gari la kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, ni kweli. Kabureta haina akili: hewa ikibanwa, petroli inaendelea kuvutwa, mchanganyiko unakuwa mzito na eksozi inatoa moshi mweusi. Gari la nozeli, linalopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta, ni jingine. Kompyuta hupima hewa inayoingia, sensa ya oksijeni kwenye eksozi inachungulia kilichotoka, na petroli inapunguzwa ilingane na hewa iliyopo, karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Mwaka 2009 watafiti wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, waliziba filta za magari ya nozeli makusudi kisha wakapima. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha kutajika. Kilichopungua ni uwezo wa gari kuchanganya mwendo.

Kwa hiyo gari la nozeli likinywa mafuta, angalia kwanza plagi, sensa ya oksijeni, breki zinazoshika na upepo wa matairi. Angalia pia kama themostati ipo. Mafundi wetu wana kawaida ya kuing'oa na kuitupa eti nchi hii ni ya joto, na enjini isiyofikia joto lake humiminiwa petroli kama vile imewashwa sasa hivi.

"Filta iliyooshwa ni sawa na mpya"

Ya sponji, kama ya bodaboda nyingi, huoshwa kwa sabuni, ikaanikwa, ikapakwa mafuta kidogo. Ya karatasi haioshwi. Nimeishuhudia ikitumbukizwa kwenye beseni la petroli na kutoka nyeupe kama kanzu ya Idi, lakini nyuzi zake zilikwisha fumuka, na vumbi likapata mlango. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Ndizo zinazosaga ringi za pistoni polepole, mpaka siku moja unashangaa gari limeanza kula oili.

Kupuliza kunakubalika kwa kiasi, kutoka ndani kwenda nje, presha ndogo, mdomo wa bomba ukiwa mbali. Kompresa inayojaza tairi la lori hutoboa karatasi bila wewe kujua. Ingiza taa ya simu ndani ya filta, simama kivulini, uitazame kwa nje. Ukiona nukta ya mwanga mkali kama nyota, itupe. Wala usiwe na pupa ya kupuliza kila wiki, maana utando mwembamba wa vumbi juu ya karatasi nao huchuja, na filta iliyotumika kidogo hukamata vumbi laini kuliko iliyotoka dukani leo.

"Osha sensa ya MAF, sailensi itarudi"

MAF ni sensa inayopima hewa inayoingia kwenye enjini, na ndani yake mna waya wa platinamu unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kurudisha joto ndio unaoiambia kompyuta hewa imeingia kiasi gani. Kidole kinaukata. Upepo wa kompresa nao unaukata. Petroli na dawa ya kusafishia kabureta huweza kuacha utando au kula plastiki. Ipo dawa ya kopo iliyotengenezwa kwa sensa hii: unapuliza, hugusi, unasubiri ikauke kabisa ndipo unarudisha.

Halafu magari mengi ya zamani hayana MAF kabisa. Enjini ya 5A, na ile ya 4E ya Starlet, hupima hewa kwa sensa ya vakyumu, inayosoma mvuto wa hewa wa enjini. Mimi nililipia kusafishiwa MAF ya Carina ambayo haikuzaliwa nayo. Sijui fundi alisafisha nini siku ile, na nilimshukuru.

"Throto inachafuliwa na vumbi la nje"

Fungua bomba la hewa, sukuma kile kibati cha throto kinachofungua na kufunga hewa, utazame nyuma yake. Utakuta pete nyeusi inayonata, kama masizi ya sufuria yaliyochanganyika na mafuta. Vumbi halina sura hiyo. Huo ni mvuke wa oili wa enjini yenyewe, unaorudishwa kwenye njia ya hewa kupitia mpira wa pumzi na valvu ya PCV. Usiposhughulika na hivyo viwili, utaosha throto leo na baada ya muda mfupi pete imerudi. Chomoa valvu uitikise sikioni: nzima hulia katakata, iliyoganda hunyamaza.

Throto yenyewe isafishe enjini ikiwa baridi, kwani kwenye enjini kama 5A mipira ya maji ya rejeta inapita hapo na maji ya moto hayana huruma. Mwaga dawa ya throto kwenye tambara au mswaki wa zamani, sugua ukingo wa kibati, futa. Throto ya waya, inayovutwa na pedali, unaweza kuifungua kwa mkono. Ya umeme usiisukume kwa kidole, ina gia za plastiki.

Ukiwasha, sailensi inaweza kupaa hadi mizunguko 1500 kwa dakika. Hapo ndipo wengi huchukua bisibisi na kugeuza skrubu ya kibati, na hapo ndipo gari huharibika kweli. Kompyuta ilikuwa imezoea ule uchafu na kufidia, sasa hewa imezidi. Toyota ya waya mara nyingi hutulia ukichomoa terminali ya betri kwa muda, ukairudisha, ukaliacha lipate moto bila AC. Nissan nyingi hazikubali mpaka zifundishwe upya kwa hatua maalumu au kwa mashine ya kupimia.

"Mwagia maji au petroli kwenye throto, kaboni itatoka"

Petroli huwaka. Maji hayashindiliki, yakijaa silinda yanapinda koni, kile chuma kinachoshika pistoni. Isitoshe, kwenye nozeli za kawaida petroli yenyewe huosha valvu za kuingizia hewa. Wenye shida ya kaboni hapo ni wale wa D4 na GDI, kwa sababu petroli yao inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, na dawa yao ni kufungua manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda.

Carina yangu, baada ya kuoshwa kila kinachooshwa, iliendelea kupanda na kushuka. Mzee mmoja aliinamisha kichwa juu ya enjini, akasema, "Zima redio, kijana." Tukasikia kitu kinavuta hewa, shiii, nyuma ya manifoldi. Ulikuwa mpira wa vakyumu, umepasuka kwenye ncha. Akakata sentimita 2 kwa wembe, akaurudisha, akadai elfu tatu.