Je, wajua? Ukiifukia chupi ya pamba shambani kitambaa chote kinaisha, inabaki lastiki na uzi wa mishono

Hii sio story ya kijiweni, ni kipimo kabisa wanachotumia watafiti wa udongo. Unachukua chupi mpya nyeupe ya pamba, unaifukia shambani kina kifupi tu, unachomeka kijiti cha alama, unaiacha miezi miwili udongo ukiwa na unyevu. Ukija kufukua, kama udongo wako una uhai, unakuta lastiki ya kiunoni, kalebo, na uzi wa mishono umebaki umesimama kwenye umbo lile lile la nguo lakini katikati hamna kitu. Mwaka 2021 kule Uswisi, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Agroscope na Chuo Kikuu cha Zurich waligawa chupi 2,000 kwa watu kama 1,000, kila mtu mbili, wakazifukia kwenye mashamba na bustani zao ili waone udongo wa wapi unakula haraka na wa wapi umechoka.

Sasa swali ni kwa nini kitambaa kiliwe afu uzi ubaki, wakati vyote vilikuwa nguo moja?

Jibu liko kwenye kile nguo ilichotengenezwa nacho. Pamba sehemu yake kubwa sana, kama asilimia 90 hivi, ni selulosi, na selulosi ni sukari, glukosi nyingi zimeungana moja baada ya nyingine kama tungo refu la shanga. Ndani ya udongo kuna fangasi na bakteria wanaotoa kimeng'enya kinachoitwa selulasi, kazi yake ni kukata lile tungo, shanga zikidondoka moja moja wao wanakula. Hawajajifunza jana, selulosi ndo hiyo hiyo iliyopo kwenye majani ya mkorosho yanayodondoka kila mwaka, kwenye mabua ya mahindi, kwenye nyasi, wameila tangu dunia haina binadamu. Mchwa nao wanaiweza kwa msaada wa vijidudu walivyonavyo tumboni, ndo maana ukiacha shati la pamba sakafuni kwenye ghala la udongo huku kwetu kusini mwa Tanzania usishangae ukikuta matundu.

Uzi wa mishono ni polista. Polista ni plastiki, na sio plastiki ya mbali, ni ile ile ya chupa ya maji, inatokana na mafuta ya petroli, na waliosajili hataza yake, yani haki ya uvumbuzi, ni Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, mwaka 1941. Yani ina umri wa bibi zetu tu, vijidudu vya udongoni havijapata muda wa kuizoea. Wapo wachache wanaoiweza, mwaka 2016 wanasayansi wa Japan walitangaza bakteria anaitwa Ideonella sakaiensis aliyepatikana kwenye mji wa Sakai, karibu na sehemu inayochakata chupa za plastiki, lakini kwenye udongo wa kawaida wa Newala au Nachingwea polista unayoifukia leo mjukuu wako ataikuta.

Mtu wa korosho hahitaji maabara kuelewa hili. Kila msimu tunashika magunia ya jute, tunashika na viroba vya salfeti. Gunia la jute likisahaulika chini ya mkorosho mvua zikapita, ukilinyanyua linakatikia mkononi, upande wa chini limeshika udongo na mchwa wamelijengea, ukipiga jembe hapo linachanganyika na udongo yameisha. Kiroba kikisahaulika jua linakichambua, kinakuwa vijiuzi vyeupe vyembamba vinapeperuka, vinashika kwenye miiba, vingine vinaingia ardhini na mwaka unaofuata unapalilia unakuta vimejizungusha kwenye jembe. Plastiki ya kiroba ni aina nyingine na ile ya nguo ila tabia ni ile ile, haiozi, inavunjika tu kuwa vipande vidogo zaidi. Na nguo ya polista inafanya hivyo hata kabla hujaitupa, kila ukiifua inaachia nyuzi ndogo sana zinazoenda na maji, na sisi tunaofulia karibu na bahari, maji yetu ya sabuni mwisho wake unaujua.

Hapa ndo inapoingia hii habari ya kubuni nguo inayorejesha, ambayo mimi naona watu wengi wanaichukulia kama mambo ya matajiri wa Ulaya wakati inatuhusu sana. Wazo lenyewe ni kwamba nguo ikishatengenezwa imeshachelewa, mwisho wake umeshaamuliwa siku mtu alipochagua uzi, kifungo na rangi. Kwa hiyo anayebuni aanze na mwisho: hii nguo ikichakaa inaenda wapi? Kuna njia mbili tu za heshima. Ya kwanza irudi udongoni ikalishe udongo, ya pili irudi kiwandani ikawe nguo tena. Isiyoweza kwenda kokote kati ya hizo ni taka iliyoshonwa vizuri.

Angalia shati lililoandikwa "pamba 100%". Hiyo asilimia mia ni ya kitambaa. Uzi polista, vifungo plastiki, lebo polista, ile kitu ngumu ndani ya kola imegandishwa kwa gundi ya plastiki. Na simlaumu fundi hata kidogo, uzi wa polista ni imara, haukatiki katiki kwenye cherehani, bei yake nafuu na ndo unaopatikana dukani. Lakini vitu mbadala vipo, kuna uzi wa pamba, kuna uzi wa layoseli unaotokana na miti ambao wenye brandi za nguo za kuozeshwa wanautumia, na vifungo vinaweza kuwa vya mbao, vya pembe au vya kifuu cha nazi. Vifuu! Kuanzia Mikindani mpaka Kilwa vifuu tunachomea moto tu.

Rangi ndo ngumu zaidi maana haionekani. Kitambaa kinaweza kuoza vizuri kikaacha sumu ya rangi kwenye udongo wako wa mchicha. Miaka ya 1990 Mjerumani Michael Braungart, mkemia, na Mmarekani William McDonough, msanifu majengo, walifanya kazi na kiwanda cha Rohner cha Uswisi kutengeneza kitambaa cha viti cha sufu na rami (nyuzi za mmea) ambacho hakina kemikali ya mashaka. Wakapitia maelfu ya kemikali zinazotumika kwenye vitambaa, zikabaki chache tu zilizofaa, na bado wakapata rangi karibu zote walizotaka. Zamani mabaki ya vitambaa pale kiwandani yalikuwa yanahesabika taka hatari, baada ya mabadiliko mabaki hayo yakawa yanaweza kutandazwa bustanini. Mimi hii ndo mfano wangu mkubwa, maana hawakujenga mtambo wa kusafisha uchafu, waliuondoa uchafu kwenye mapishi tangu mwanzo.

Kinachoua njia zote mbili ni kuchanganya. Polista tupu unaweza kuirudisha kiwandani ukaiyeyusha, pamba tupu inaenda udongoni, lakini shati la pamba nusu polista nusu, au jinzi ya kubana iliyotiwa nyuzi za kuvutika, huwezi kuzitenganisha kirahisi. Duniani nguo zinazogeuzwa kuwa nguo mpya hazifiki hata asilimia 1. Zilizobaki zinachomwa, zinafukiwa, au zinafungwa marobota. Na marobota unajua yanapofungukia. Mitumba imetuvalisha wengi na imesomesha watoto wa wengi, siisemi vibaya, ila linapofunguliwa robota pale sokoni Mtwara kuna nguo za kwanza zinagombaniwa, kuna za mwisho mwisho, na kuna zile hata kwa bei ya hasara hazitoki. Zile zinaishia kwetu, kwenye shimo la taka au kwenye moto. Aliyechagua uzi yuko mbali sana, anayebaki na uzi ni sisi, na hilo linaniuma kwa kweli.

Na sio kwamba kitambaa ni kitu kigeni huku kusini. Pale Kilwa Kisiwani, hapo hapo mkoa wa Lindi, mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba miaka ya 1960 alikuta vigurudumu vidogo vya kusokotea uzi, vingine vimechongwa kwenye vigae vya vyungu vilivyovunjika na kutobolewa katikati. Yani mtu chungu kimevunjika, kigae anakifanya kifaa cha kusokota pamba, nguo ikichakaa inarudi ardhini, hakuna kinachopotea. Leo pamba kusini hailimwi, mikoa yetu iliwekwa karantini kuzuia funza mwekundu wa pamba aliyepo nchi za jirani upande wa kusini asipande juu mpaka Shinyanga na Simiyu. Kwa hiyo tunategemea pamba ya kule, na kule wapo wakulima wanaoilima bila viuatilifu vya viwandani, mfano wa bioRe wilayani Meatu walioanza 1994, wanatumia samadi na wanabadilisha mazao ili udongo upumzike. Hiyo ndo nusu nyingine ya jambo hili, nguo irudi udongoni na shamba nalo lisichoshwe. Sisi wa korosho tujiangalie hapo hapo, salfa tunayopuliza kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga mwaka hadi mwaka inaongeza tindikali kwenye udongo wetu huu wa kichanga, na tindikali ikizidi bakteria wengi wanapungua. Ndo maana natamani watu wafanye kile kipimo cha kufukia kwenye mashamba yao wenyewe, kipande kimoja chini ya mkorosho wa zamani, kingine kwenye kunde au mbaazi, mvua zikishashika Desemba au Januari, afu wafukue siku moja walinganishe.

Kabla hujafukia chochote, au kabla hujanunua khanga, jua kwanza umeshika nini, maana siku hizi khanga za polista zimejaa na zinang'aa kuliko za pamba. Chomoa uzi mmoja pindoni, ushike kwa kibano, uwashe kwa kiberiti. Pamba inawaka haraka, inanuka kama karatasi inayoungua, na majivu yake ni mepesi ya kijivu, ukiyagusa yanasagika. Polista inajikunja kukimbia moto, inadondosha matone, inaacha kidonge kigumu cheusi ambacho ukikibonyeza hakisagiki. Ukiona majivu na kidonge kwa pamoja, hiyo ni mchanganyiko. Wauzaji wengi wanakubali ukiwaomba uzi mmoja kwa adabu, na kama ni kidonge kilichotoka basi usikubali kulipa bei ya pamba.